Wingu la Chikuyani

1

Kanuni ya kwanza ya Mwaka wa Taifa, ule mwaka wa vijana kuitumikia nchi, ilikuwa ya kukosa adabu, na Somoe Likokola aliichukia tangu akiwa kambini: ukifika kijijini, chomeka fimbo kwanza, salimia baadaye. Usikae. Usile. Usinywe. Usimtazame mtu usoni ukaanza kumwonea huruma. Chomeka, subiri ilie, ndipo uvue kofia useme hamjambo.

Basi alifika Mahomelo saa nne asubuhi, baiskeli yake ya umeme wa jua imejaa vumbi mpaka kwenye kengele, midomo imempasuka, na watu wamekwisha jipanga mbele ya nyumba ya mwenyekiti kama wanasubiri bibi harusi. Walikuwa wamemwona tangu saa mbili. Nchi ile ni tambarare, na siku hizi ni vumbi tupu, hivyo mtu hawezi kumtembelea mwenzake kwa siri. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, Mama Mbeleje, mrefu, mkavu, kitenge chake kimefungwa vizuri kwa heshima zote. Alianza kumjia mgeni mikono miwili mbele. Na Somoe, binti wa Lindi aliyelelewa kupiga goti mbele ya mtu mzima, akampita pembeni bila neno, akachomeka chuma katikati ya uwanja.

Fimbo iliingia bila shida. Hilo alilikumbuka baadaye, wakati halingemsaidia tena.

Ilikuwa fimbo ya kutembelea kwa nje, ya rangi ya majivu, urefu wa kumfika begani. Kwa ndani ilikuwa na pua. Ilinusa udongo mpaka kina cha mkono mzima, ikanusa hewa, ikanusa hata jasho la watu waliosimama karibu, kisha ikapeleka yote mjini kwa Mzani, mashine kuu ya mgao, na Mzani ukarudisha namba. Namba ikiwa chini ya arobaini, kijiji kimekauka, na jina lake linaingia kwenye orodha ya mvua ya mgao. Ikizidi arobaini, kijiji kinajitosheleza, na mpimaji anaandika hivyo; kwa vyovyote anakaa wiki mbili akifundisha watoto na kutibu macho ya wazee, kisha anaendelea na safari yake.

Fimbo ikalia. Taa ikawaka kijani. Sitini na moja.

Watu wakapiga makofi. Rangi ya kijani iliwapendeza. Wangejuaje, masikini, wakati Mahomelo haikuwahi kupimwa? Vijiji vingine vilikuwa na uzoefu wa fimbo wa miaka kumi, lakini wao walikuwa na bwawa lao la chemchemi, na bwawa lilikauka mwaka uliopita tu. Somoe mwenyewe alifurahi. Alikuwa amepima vijiji sita, na sita vyote vilikuwa vya kilio. Akavua kofia, akapiga goti, akasema maneno ya Kigogo aliyofundishwa njiani.

"Mbukwenyi."

"Mbukwa, mwanangu," Mama Mbeleje akajibu, akamwinua. "Karibu. Tulidhani labda umekasirika."

2

Hapa inabidi nieleze jambo moja, nalo ni la kijinga, lakini ndilo lililoua watu.

Miaka ya mwanzo fimbo ilichomekwa shambani. Watu si wajinga. Vijiji vingine viliwapeleka vijana wa Mwaka kwenye vishamba walivyovichoma moto wiki nzima, udongo umekuwa kama tofali, fimbo ikasoma mbili, ikasoma sifuri, na mvua ikaenda kwa wenye kuni nyingi. Wakubwa wakakaa vikao. Mtu mmoja mwenye akili sana akatoa wazo: ichomekwe pale mgeni anapopokelewa, dakika ile ile anapofika, maana nani atachoma moto uwanja wa nyumba yake? Wazo likapita. Wakaongeza kwamba kila kijiji kipimwe mara moja tu kwa msimu, ili kuzuia ujanja. Walifikiria kila namna ambayo mtu anaweza kujifanya mkavu. Haikumwingia yeyote akilini kwamba mtu anaweza kumwaga maji.

Siku ya tatu Somoe aliamka mapema, akachukua ufagio ili naye aonekane ana faida. Akafagia mara mbili, tatu, vumbi likapanda, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Akasimama. Akautazama uwanja. Ulikuwa mchanga mkavu, mwepesi, unaopeperuka hata kwa pumzi. Akachukua kijiti akachimba. Mkavu. Akachimba mpaka kijiti kikavunjika.

Mama Mbeleje alikuwa kizingitini akimlisha mumewe uji. Mzee Chiwanga alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwaka juzi, na uji wenyewe ulikuwa mzito kupita kiasi, uji wa mtu anayebana maji.

"Mama," Somoe akasema, "siku niliyofika, uwanja huu haukuwa na vumbi."

Mama Mbeleje akacheka. "Ungekuwaje na vumbi na mgeni anakuja? Tulinyunyiza."

"Mlinyunyiza maji?"

"Sasa tungenyunyiza nini, asali? Tulipoona vumbi lako kule kwenye reli ya zamani, nikapiga mbiu. Kila nyumba ikatoa nusu ndoo. Kwa Ndahani wakatoa ndoo nzima, yule anapenda sifa. Tukamwaga, juu pakakauka, tukamwaga tena. Jua lilikuwa linatushinda, maana nawe ulikuja polepole." Alisema hivyo kwa utani, akimfuta mumewe kidevu.

Somoe akaketi chini pale pale, ufagio mapajani.

"Mmebakiwa na kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Mama, nionyeshe."

Tangi la kijiji lilikuwa nyuma ya shule. Somoe alipanda ngazi akafungua kifuniko, akatia kichwa. Harufu ya kutu ilimpanda puani, na chini kabisa aliona mwanga kidogo wa maji yasiyofika hata kwenye mdomo wa bomba. Yangetosha wiki mbili kwa watu mia mbili na kumi, kama wangekunywa tu wasinawe. Alikaa kule juu ya ngazi muda mrefu, maana hakujua ateremke na uso gani.

Alishaona kinachofuata. Kijiji cha tano katika mzunguko wake alikuta hakina watu. Mwaka wa nyuma kilisomeka arobaini na mbili. Wenye miguu walikuwa wameondoka kufuata reli, wamefunga milango kwa kamba za katani, vizuri, kama watu watakaorudi. Nyumba moja tu ilikuwa imefungwa kwa ndani. Somoe aliigonga, akagonga tena, kisha hewa iliyotoka kwenye ufa wa mlango ikamwambia aache kugonga.

3

"Rudia tena," Mratibu Rweyongeza akasema. Sauti yake ilitoka kwenye mpini wa fimbo, nzito ya mafua. Alikuwa ofisini mjini, mtu wa makamo anayewasimamia vijana arobaini na mmoja walioko njiani, na Somoe hakuwahi kumsikia akipumzika.

"Walinyunyiza uwanja, Mratibu. Kwa ajili yangu. Kwa heshima. Ile sitini na moja ni ndoo zao. Ukweli labda ni kumi, labda chini."

Mratibu akapenga kamasi. Kisha pumzi ndefu.

"Fomu ina visanduku viwili, unavijua. Cha kwanza: wenyeji wamechezea kipimo."

"Hawakuchezea."

"Nimekuelewa. Lakini ukikijaza hicho, kijiji kinafutwa misimu mitano. Hakuna kisanduku cha adabu njema, Somoe. Cha pili: kosa la mpimaji. Unakiri kwamba ulipima vibaya, kwa uzembe wako. Mwaka wako unafutwa, unarudi kwenu bila cheti, huajiriwi popote penye nembo ya taifa. Kijiji kinahesabiwa kama kisichopimwa, na kisichopimwa kinatangulia kwenye mvua."

"Basi nitajaza cha pili. Sasa hivi."

"Subiri. Kinatangulia mbele ya nani?"

Somoe akaanza kuhesabu vijiji kwenye vidole.

"Mzunguko wako una vijiji saba na wingu moja. Siyo mawili. Moja. Na wingu hilo limekwisha andikiwa jina."

Alilijua jina hilo. Yeye ndiye aliyelipeleka. Chikuyani, kijiji cha sita, kilomita thelathini kule alikotoka, namba kumi na saba, ya chini kuliko zote. Alikaa kule wiki mbili, na siku sita kati ya hizo alikuwa hajitambui kwa homa. Mwanamke aliyemuuguza aliitwa Elimina Chidawali. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na alimkanda Somoe usiku na mchana kwa kitambaa kile kile kimoja akikilowesha kwa maji ya kupima kwa kikombe. Siku ya tatu alianza kumwita wifi, kwa madai kwamba ana kaka ambaye hajaoa na anahitaji mtu wa kumnyoosha. Somoe alipopata nafuu waliicheka hiyo habari mpaka mbavu zikawauma. Alipoondoka alimwachia Elimina kipaza cha kijiji, kile kiredio kidogo cha kuongea na fimbo, ili awe mtu wa kwanza kusikia kwamba mvua imekubaliwa. Na siku iliyokubaliwa Elimina alilia hewani bila aibu, watu wote wa Chikuyani wakipiga vigelegele nyuma yake.

"Mratibu," Somoe akasema. "Nifanye nini?"

"Mimi sikuambii ufanye nini. Nikikuambia, utanichukia, na nina vijana arobaini wanaonichukia tayari." Akakohoa. "Wingu linafika alasiri ya Jumanne ijayo. Linatoka ziwani kwa njia ya kaskazini-magharibi, kwa hiyo litapita juu ya Mahomelo kabla ya kufika Chikuyani. Mpaka litoke kwenye anga ya Mahomelo, fimbo yako bado ina uwezo wa kukiri kosa. Likishapita, fomu inajifunga."

"Litapita juu yao? Wataliona?"

"Mawingu hayafichiki."

4

Alimwambia Mama Mbeleje siku iliyofuata, wakiwa wawili tu, wakichambua mlenda mkavu kwenye ungo. Alimwambia taa ya kijani maana yake nini. Alimwambia kuhusu ndoo zile. Kuhusu Chikuyani hakusema.

Mama Mbeleje alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Kwa hiyo ni sisi wenyewe," akasema mwishoni.

"Ni kanuni, Mama. Kanuni ni mbovu."

"Lakini ni sisi tuliomwaga." Akapepeta ungo mara mbili. Uso wake ulikuwa umesawijika, na Somoe, aliyetarajia hasira na angeipokea kwa shukrani, aliona kitu kibaya zaidi ya hasira: mwanamke yule alikuwa anaona haya. "Sasa tungekupokeaje, mwanangu? Kwenye vumbi? Umetoka kwenu mbali, hata mama yako hatumjui, uje utuambie watu wa Mahomelo walikuacha unakohoa uwanjani?"

"Ningekohoa, Mama. Ningekohoa tu."

"Haya. Yameshapita." Akaokota kijiti kwenye ungo. "Usiwaambie watu. Watagombana. Watasema ni mimi niliyepiga mbiu, na watakuwa wanasema kweli. Wenye nguvu nitawaambia waanze safari ya miguu kufuata reli wiki ijayo, niwape sababu nyingine. Wanaweza kufika."

"Na Mama?"

Mama Mbeleje akageuza shingo kuelekea ndani, Mzee Chiwanga alikolala akikoroma upande mmoja wa mdomo.

"Huyu nimbebe mgongoni?" akasema, kana kwamba ameulizwa swali la kuchekesha.

Siku zile zilizobaki Somoe hakukaa bila kazi. Alifundisha watoto kuhesabu, akatia dawa macho ya wazee, akala ugali wa mtama usiopanda wala kushuka. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangazo la Mwaka wa Taifa lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa shule yao kule Lindi, picha ya kijana anayecheka juu ya baiskeli, na chini yake imeandikwa: Ijue nchi yako, ihudumie nchi yako. Aliomba mwaka mmoja kabla ya umri wake. Alitaka kuona milima. Alitaka kusikia watu wa bara wanavyosalimiana. Hakuna aliyemwambia kwamba kuijua nchi ni kujua majina ya watu, na kwamba ukishayajua, huwezi tena kuyafanya namba.

Akajipangia hoja. Akaamua kwamba hatagusa kitu. Mzani ndio uliosoma, Mzani ndio ulioamua, na mtu asiyegusa kitu hana alichotenda. Chikuyani ilipata haki yake kwa namba ya kweli. Mahomelo ilikosa kwa bahati mbaya. Bahati mbaya haina mwenyewe. Aliirudia hoja hiyo asubuhi na jioni, akabakia nayo, akalala nayo, na ilimsaidia mpaka Jumanne saa tisa alasiri.

5

Wa kwanza kuliona walikuwa wachunga mbuzi. Kisha mbwa wakaanza kubweka. Kisha Mahomelo nzima ikatoka nje.

Mawingu ya mgao hayafanani na yale ambayo wazee wanayasimulia. Lile lilikuwa na pembe nne, kama godoro, rangi ya risasi, upana wake ungefunika kijiji na mashamba yake. Lilikuwa limepikwa kwenye vinu vya ziwani, likatiwa chumvi yenye umeme ili lishikamane, na pembeni mwake ndege za chuma ndogo kama kunguru zilikuwa zikilizunguka kwa mamia, zikilisukuma hapa, zikilibana pale, kama watu wanaoswaga ng'ombe. Mlio wa ndege hizo ulifika kabla ya kivuli. Tangu mvua za zamani zilipokoma kuja zenyewe, yapata miaka ishirini, hapakuwa na wingu jingine katika nchi ile. Watoto wa Mahomelo hawakuwahi kuona kitu kikubwa namna ile angani.

Somoe alikuwa amesimama karibu na nyumba, fimbo mkononi. Alidhani watu watatazama tu. Wapi. Mama Mbeleje hakuwa amemwambia mtu, kama alivyosema, na sasa hakuna aliyejua kwamba wingu ni la wengine. Wakatoa ndoo. Wakatoa sufuria, mabeseni, vibuyu, madebe ya zamani ya mafuta, sahani za kulia, vifuniko. Bibi mmoja akatandika kanga nne chini na mawe kwenye pembe zake, ili zikilowa azikamue. Ndahani, yule mpenda sifa, akavua shati akasimama katikati ya uwanja kifua wazi. Na kila aliyepita na chombo chake alimwinamia Somoe kichwa, kwa sababu walidhani ndiye aliyelileta.

Kivuli kikafunika kijiji. Kwa mara ya kwanza katika miezi saba ngozi ya Somoe ilipoa.

Mama Mbeleje peke yake hakutoa chombo. Alisimama mlangoni akiwatazama watu wake, na Somoe aliona jinsi alivyokuwa akitafuta nguvu ya kwenda kuwaambia. Hakuipata. Badala yake akaingia ndani, akaita vijana wanne, na wakatoka na kitanda, Mzee Chiwanga juu yake, wakakiweka katikati ya ndoo na mabeseni. Somoe hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa: hata kivuli ni kitu. Alitaka mumewe apate walau kivuli.

Mzee hakujua hayo. Yeye aliona wingu. Akafungua ule upande mzima wa mdomo wake, akatoa ulimi, akangoja.

Mkono wa Somoe ulibonyeza mpini. Fimbo ikauliza kama ana uhakika, akabonyeza tena. Ikauliza sababu, akajaza: uzembe wangu. Ikauliza mara ya tatu, kama zinavyofanya mashine zote mtu anapotaka kujiangamiza, naye akabonyeza mara ya tatu.

Na nisiseme uongo kumpamba. Hakupima. Hakulinganisha mia mbili na kumi na wale wa Chikuyani, wala mtu aliyepooza na mtoto asiyezaliwa. Alibonyeza kwa sababu Mzee Chiwanga alikuwa mbele ya macho yake na Elimina hakuwa. Angekuwa amesimama Chikuyani, angefanya kinyume chake, na angelia machozi yale yale.

Juu, ndege za chuma ziliacha kuzunguka. Zikapanga mstari, zikaingia ndani ya wingu zote kwa pamoja, na mvua ikaanguka.

6

Ilinyesha saa nzima na nusu. Ndoo zikajaa, watu wakazimimina tangini, zikajaa tena. Kule bwawani udongo uliopasuka ulinywa, ukanywa, halafu ukaanza kubakiza. Ngoma ya muheme ilitolewa ikapigwa ikiwa imelowa, mlio umelegea, na hakuna aliyejali. Mama Mbeleje alimfuata Somoe, kitenge kimemganda mwilini, akamshika mikono yote miwili.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimerekebisha."

"Lilikuwa linakwenda wapi?"

Somoe akamtazama usoni, jambo ambalo kanuni ilikuwa imekataza.

"Porini," akasema. "Lilikuwa linakwenda porini, kumwagwa. Lilikuwa limebaki."

Mama Mbeleje aliamini, au alichagua kuamini. Akaenda kumfunika mumewe.

Mpini wa fimbo ukatetemeka. Somoe akakimbia nyuma ya nyumba, chini ya upenu, akaweka sikio.

"Wifi," Elimina akasema. Sauti ilikuwa ya furaha, na nyuma yake palikuwa na kelele za watu wengi na vyombo vinavyogongana. "Wifi, unanisikia? Huku tunaliona. Limesimama huko upande wenu, tena tunaona kama linashuka. Ndivyo linavyofanya? Linapumzika?"

Somoe aliegemea ukuta. Maji yalikuwa yanamtiririka shingoni.

"Elimina."

"Eeh. Maana watu wanaogopa. Nimewaambia watulie, wifi yangu ndiye anayelileta, anajua anachofanya. Nimetoa mpaka beseni la kuogeshea mtoto."

"Elimina, haliji."

"Limeharibika?"

"Hapana. Nimelishusha hapa. Ni mimi. Nilikosea kupima huku, nao walikuwa wamebakiza siku chache tu, na wingu ni moja." Akasikia maneno yake mwenyewe, namna yalivyo mepesi. "Halitakuja lingine msimu huu. Lori la maji mtaendelea kulipata, namba yenu iko chini, lori litakuja."

Wote wawili walijua lori. Lilikuja mara moja kwa mwezi, na mwezi uliopita halikuja.

Kelele za nyuma ya Elimina ziliendelea. Wenzake hawakuwa wamesikia bado. Somoe alingoja atukanwe. Alitamani hivyo kwa moyo wake wote, atukanwe yeye na mama yake aliyemzaa, maana tusi angeweza kulibeba akaondoka nalo.

"Ni wengi hao wa huko?" Elimina akauliza.

"Mia mbili na kumi."

"Aa. Ni wengi kweli." Akavuta pumzi, pumzi fupi ya mwanamke mwenye mimba inayombana mbavu. "Haya, wifi. Asante kwa kuniambia mwenyewe. Ngoja nikawaambie watu waanue vyombo."

Redio ikakatika.

Somoe alibaki chini ya upenu. Ujumbe wa Mratibu ukaingia, maneno machache: Mwaka wako umefutwa, rudisha fimbo kituoni. Akausoma, akauona ni kitu kidogo sana.

Alipozunguka nyumba kurudi uwanjani, mvua ilikuwa imekatika. Watu wote walikuwa wamesimama mduara, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na kikombe au kata au kifuniko cha sufuria kimejaa maji, na hakuna aliyekuwa akinywa. Midomo yao ilikuwa imepasuka kama yake. Watoto walikuwa wameshikwa mikono wasijaribu. Walikuwa wanamngoja yeye. Mama Mbeleje akaja katikati na kikombe cha bati kilichooshwa, akapiga goti, mtu mzima yule, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Mgeni hajanywa, sisi tutakunywaje?"

Somoe alikipokea. Watu mia mbili na kumi walimtazama kooni. Kama angekataa, wangekaa pale mpaka jua lizame, na maji mkononi. Akakiinua, akanywa, na kwa kuwa kubakiza kungekuwa ni kuwadharau, akakimaliza chote.